Fundi Cherehani Aliyekwenda Kulima Pamba

Siku tulipokwenda kumposea mke kijana wa baba mdogo, mambo yote yalikwenda vizuri mpaka tulipoulizwa kuhusu babu.

Wazazi wa msichana ni Watanzania, watu wa Tabora kwa asili, na wanakaa ghorofa ya juu karibu na uwanja wa Flagey, hapa Brussels. Walitupokea kwa sambusa, kaimati na Kiswahili kilichonyooka, kile ambacho sisi wa Bujumbura tukikisikia tunakaa sawa kwenye kiti kama tumeitwa na mwalimu. Baba mdogo alikuwa amenionya tangu kwenye tramu. "Wale si watu wa kuchomeka Kifaransa, bon na donc," alisema. "Donc, chunga ulimi."

Baba wa msichana ni mtu mpole, mwenye miwani anayoivua kila anapotaka kusema jambo la maana. Baada ya dua na chai akaivua.

"Ndugu zetu, kijana tumemwona na tumempenda. Ila kwetu sisi mtu huulizwa mzizi wake. Hebu tuelezeni, huyo babu yake alikuwa nani?"

Baba mdogo akaweka kikombe chini. Hadithi hii nimeisikia tangu nina akili, lakini sijamwona akiisimulia kwa raha kama siku ile. "Baba yetu, Mungu amrehemu, ndiye aliyefungua bonde la Rusizi. Lilikuwa pori tupu. Aliingia na jembe na mkuki. Kiboko akaja kula mpunga wake, na baba akamwua palepale."

"Kiboko gani?" akauliza shangazi.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba mdogo, na kwetu dada mkubwa hangoji zamu.

"Kiboko wa baba," akajibu baba mdogo bila kumtazama.

"Baba hakuwahi kuua hata kuku. Kuku wa Idi alichinjwa na jirani."

"Wewe ulikuwa mtoto."

"Na wewe ulikuwa hujazaliwa."

Mama wa msichana akainuka kwenda kuangalia chai ambayo haikuhitaji kuangaliwa. Baba wa msichana akarudisha miwani usoni, akasema taratibu kwamba posa wameipokea, na habari za babu tutawaeleza siku ya harusi, tukishakubaliana wenyewe.

Ndugu hao wawili walibishana ngazi zote hadi chini, wakabishana kwenye kituo, na tramu ilipofika wakakaa viti vya mbali. Mimi nilibaki nimesimama katikati. Tulipokaribia kushuka, shangazi akanigeukia. "Mama," akaniambia, maana nimepewa jina la mama yake na haniiti vingine, "makaratasi ya marehemu kaka unayo wewe. Njoo nayo Ganshoren Jumapili. Tumalize huu upuuzi."

Marehemu kaka ni baba yangu, mkubwa wao wote. Alipofariki aliniachia vitu vichache: koti zito la baridi, redio, na mfuko wa plastiki uliojaa karatasi. Watu waliowahi kukimbia vita wanaujua mfuko huo. Baba yangu aliubeba kutoka Bujumbura akiwa ameacha nyumba na kila kilichokuwa ndani, na hapa Ubelgiji aliendelea kuulisha: barua za manispaa, kadi za hospitali, risiti za vitu vilivyokwisha kuharibika. Aliamini kwamba ofisini mtu hasikilizwi, husikilizwa karatasi yake. Mimi mfuko huo nilikuwa nimeuweka juu ya kabati, na kusema kweli nilikuwa nikiupangusa vumbi tu.

Jumapili nikaenda. Shangazi anakaa Ganshoren kwenye mtaa mtulivu kiasi kwamba ukifunga mlango wa gari kwa nguvu pazia za jirani zinasogea. Alikuwa ameshatandika kitambaa cheupe mezani, ameondoa chochote chenye maji. Baba mdogo alikuwepo pia, ameketi mwisho wa meza kama mtu aliyekuja kwa bahati.

Tukatoa karatasi moja baada ya nyingine. Za Ubelgiji tukaziweka kando. Za Bujumbura zilikuwa chini kabisa, ndani ya bahasha ya kaki iliyochakaa pembeni. Kulikuwa na picha ya babu amesimama mbele ya nyumba ya matofali mabichi, kanzu imempwaya, uso umekunjamana kwa jua. Kulikuwa na kitambulisho chake cha wakati wa Wabelgiji, kile kijitabu ambacho wazee wetu walikiita kibuku. Na kulikuwa na kadi ngumu ya rangi ya udongo yenye namba ya shamba.

Shangazi akavaa miwani akafungua kibuku. Akasoma jina, akasoma jina la baba yake babu, akafika penye kazi, akakisogeza karibu na macho.

"Hapa pameandikwa fundi cherehani," akasema.

Baba mdogo akainuka. Kwa kweli palikuwa pameandikwa hivyo kwa Kifaransa, kwa mwandiko wa kupendeza, kisha pakapigwa mstari, na juu yake mwandiko mwingine mbaya ukaandika mkulima.

"Watakuwa wamekosea," akasema baba mdogo. "Baba fundi cherehani? Baba alikuwa na mikono kama gome la mti."

"Alikuwa akitushonea nguo za Idi," shangazi akasema polepole. "Mimi nilidhani baba wote wanajua kushona."

Mimi jambo hilo lilinifurahisha. Babu niliyemjua kwa masimulizi alikuwa mtu wa mkuki, na sasa nilimwona na futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Nikachukua ile kadi ya shamba nikawasomea, kwa sababu herufi zake zilikuwa zimefifia na macho yangu ndiyo mapya zaidi mezani. Jina la babu. Namba ya shamba. Zao: pamba. Mke: na hapo nikasoma jina ambalo si la bibi yangu.

"Rudia," akasema shangazi.

Nikarudia. Jina hilo lilikuwa limepigwa mstari, na chini yake, kwa wino tofauti, ndipo lilipoandikwa jina la bibi.

Shangazi akavua miwani. "Baba yangu alikuwa na mke mmoja," akasema, kama anayewajibu watu wa ile kadi. "Mama yangu aliolewa na kijana asiyewahi kuoa. Alituambia hivyo mpaka anakufa."

Ningetegemea baba mdogo afurahi kumwona dada yake ameshindwa walau mara moja. Kwa dakika moja alifurahi. Kisha nikaona uso wake unabadilika, maana mama yao alikuwa mama yake pia. "Kumbe alimwacha mtu," akasema. "Alioa, akaacha, akaoa tena. Hili ndilo tukawaambie wakwe?"

"Hakuna atakayewaambia wakwe chochote," akasema shangazi, akarudisha kadi kwenye bahasha. Lakini bahasha hakunipa. Aliishika mapajani mpaka tulipoaga.

Mimi ninafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao. Ninawasaidia kuoga, kuvaa, kupika chakula chepesi, na zaidi ya yote ninawasikiliza. Mmoja wao anakaa Auderghem, karibu na mahali msitu unapoanzia. Ni Mbelgiji, mjane, na alipokuwa kijana alitumwa Burundi kuwa bwana shamba katika bonde lile lile la Rusizi. Nililijua hilo tangu siku ya kwanza, kwa sababu alipofungua mlango na kuniona hakunisalimia kwa Kifaransa. Alisema, "Jambo, mama. Habari ya safari?" kwa Kiswahili cha zamani kile, kilichofundishwa kwa ajili ya kuamuru na ambacho uzeeni kilikuwa kimelainika kikawa cha kuombea chumvi.

Sikuwahi kumwuliza mengi. Kuna mambo ambayo wewe na mtu unayemvisha soksi mnayaacha yalale. Lakini wiki ile nikiwa namkatia tufaha nikamwuliza kama anakumbuka mashamba ya pamba.

"Paysannat," akasema, akilitaja kwa Kifaransa jina la mpango ule wa mashamba, na akakaa vizuri. Akaanza kunichorea mezani kwa kidole: barabara ndefu, barabara za kuikata, mashamba yamepangwa kama meno ya kitana, kila familia na lake. Serikali iliamua kila kitu, hata mstari wa pamba uelekee wapi. "Tulikuwa vijana sana," akasema kwa Kifaransa. "Tulidhani ardhi inapenda rula."

Nikamtajia jina la babu. Akafikiri kwa muda mrefu na kwa uaminifu, kisha akatikisa kichwa. Hakumkumbuka. Mashamba yalikuwa mengi, na yeye alikaa pale miaka michache tu. Nilishangaa kuona nimeumia kidogo. Sijui nilitegemea nini, labda kwamba babu angekuwa ameacha alama hata kwa Mzungu aliyepita na daftari.

Nikamweleza habari ya majina mawili ya wake. Hapo akarudi kwenye Kiswahili chake. "Mama, iko hivi. Muntu hana mwanamuke, hapana pata shamba. Kijana peke yake, hapana. Serikali inataka nyumba, inataka watoto. Karani anauliza kwanza: mwanamuke iko wapi?"

"Na asiye na mke alifanya nini?"

Akacheka bila sauti, mabega yakicheza. "Anatafuta mwanamuke haraka."

Nilitoka kwa mzee yule na nusu ya jibu, na nusu hiyo ilikuwa mbaya kuliko kutojua. Ikiwa babu alioa mwanamke kwa ajili ya shamba tu, kisha akamwacha alipompata bibi, basi tulikuwa na babu ambaye hakuna hata mmoja wetu angependa kumsimulia harusini. Nikakumbuka kwamba bado kuna mtu mmoja duniani aliyeyaona mambo hayo kwa macho.

Bibi alikuwa na mdogo wake wa kike, ambaye sisi tunamwita bibi mdogo. Yuko Buyenzi, Bujumbura, kwenye nyumba ile ile aliyoolewa. Masikio yake yamechoka, kwa hiyo kuzungumza naye kwa simu ni kazi ya mtaa mzima: mjukuu wake anashika simu, jirani anapaza sauti, na yeye anajibu swali analolitaka yeye. Nikawaita shangazi na baba mdogo kwangu. Shangazi alikuja amevaa vizuri, kama anayekwenda hospitali kusikiliza majibu.

Bibi mdogo akatokea kwenye skrini, kwanza paji la uso, kisha uso wote. Tukasalimiana, tukaulizana habari za kila aliye hai na kila aliye mgonjwa. Kisha nikamsomea lile jina la kwenye kadi. Jirani akamrudia kwa sauti.

Bibi mdogo akaanza kucheka. Alicheka mpaka mjukuu akachukua simu, akatuambia tusubiri, anampa maji.

"Huyo si mke," akasema alipopata pumzi. "Huyo ni dada yake."

"Dada ya nani?" akauliza shangazi.

"Dada ya baba yenu. Mkubwa wake, tumbo moja. Alifiwa na mume huko milimani akarudi kwa kaka yake. Nyinyi watoto hamkuambiwa?"

Ninaandika aliyotuambia kwa kadiri ninavyoyakumbuka, bila kurudi nyuma na kukatikakatika kwa mtandao.

Babu alikuwa na cherehani kwenye kibaraza cha duka Buyenzi, na kazi yake ilisifiwa. Baba yao bibi na bibi mdogo alikuwa mkulima wa bondeni, mtu mkavu asiyecheka, aliyekuja mjini kuuza mpunga pamoja na binti zake. Bibi alipeleka gauni litiwe pindo. Kisha akapeleka lingine. Bibi mdogo alisema kwamba mwaka ule dada yake alichana mapindo ya nguo zisizo na kosa lolote. Babu akatuma wazee kumposa, na yule mkulima akawajibu mbele ya watu: "Simpi binti yangu mwanamume anayefanya kazi amekaa."

Mtu mwingine angetafuta mchumba mwingine. Babu alikwenda kuomba shamba. Alikuwa hajui hata jembe hushikwa wapi. Karani akamwuliza mke yuko wapi, akarudi mikono mitupu, na usiku huo dada yake akamwambia, "Mimi ninajua kulima. Twende." Walipofika mbele ya karani, akaulizwa huyu ni nani. Yule dada akajibu mwenyewe: "Mimi ni wa nyumbani kwake." Ilikuwa kweli kabisa. Karani akaandika alichotaka kuandika.

"Hakusema uongo," bibi mdogo akatusisitizia. "Alikuwa mtu wa dini sana. Hakusema uongo."

Ndiye aliyemfundisha babu kulima. Yeye ndiye aliyetangulia kwenye mstari, na babu nyuma yake na mikono imejaa malengelenge. Babu akashona glavu za turubai, na bonde zima likaja kuona mkulima mwenye glavu. Pamba ilikuwa ya serikali, mpunga ulikuwa wao wa kula, na mpunga huo ulipoanza kubeba, kiboko akatoka mtoni na kuanza kuula. Hapo baba mdogo akasogea mbele ya simu.

"Bibi mdogo, kiboko! Waeleze kiboko alikufaje."

"Nani alikufa?"

"Kiboko."

"Kiboko hakufa. Kiboko ndiye aliyetushinda."

Ikawa hivi. Babu hakujua mkuki, alijua sindano. Akashona watu wa magunia, wakubwa kama watu wa kweli, akawavika kanzu na kofia, akawasimamisha ukingoni mwa mpunga. Kiboko aliwakanyaga akaendelea kula. Waliotishika ni wapita njia: walikuwa wakiwapa salamu watu wale, wasijibiwe, wakaenda kwa karani kulalamika kwamba kwenye shamba la fundi kuna wageni wenye kiburi. Mwishowe babu na dada yake wakahamisha mpunga upande wa juu, na lile jaruba la chini wakamwachia kiboko.

"Hata kumjeruhi?" akauliza baba mdogo. "Hata kidogo?"

Shangazi akamshika mkono. Nilidhani atamcheka. Akamwambia tu, "Acha, mdogo wangu. Sikiliza."

Baada ya mavuno ya pili babu alirudi kwa yule mkulima. Hakutuma wazee. Alikwenda mwenyewe amebeba mpunga kichwani. Baba mkwe hakuutazama mpunga. Akamwambia, "Lete mikono." Akavipapasa viganja kama mtu anayepapasa ng'ombe sokoni, upande mmoja, upande wa pili. Kisha akamwita bibi kutoka jikoni.

Ndipo likazuka tatizo jingine. Kwenye karatasi babu alikuwa tayari na mke, na karani hakutaka kusikia habari ya mwingine kwenye shamba lile. Ikabidi dada mtu aende ofisini kuachika. Akasimama mbele ya karani na kusema anaondoka nyumbani kwa mwanamume huyu, amemchoka. Karani alikuwa mtu mwenye huruma. Akamkalisha, akamletea maji, akampa mawaidha.

"Alimwambia, vumilia mama, ndoa ni kuvumiliana," bibi mdogo akasema, akipangusa macho. "Akamwita na baba yenu, akamwambia, huyu mwanamke amekulimia shamba lote, leo unamwacha? Muombe radhi. Baba yenu akamwomba radhi. Na yule dada akasema, nimekusamehe, lakini naondoka."

Sisi sote watatu tulikuwa tunacheka. Kisha nikaona shangazi ameacha kucheka.

"Alikwenda wapi?" akauliza.

"Rumonge. Aliolewa na mtu wa mawese. Aliishi vizuri, alizaa. Lakini kila mavuno alikuja kumsaidia kaka yake. Wewe lazima umemwona."

Shangazi akatazama dirishani. Nje kulikuwa na mvua nyepesi ya Brussels, ile ambayo watu hawafungulii miavuli. "Kulikuwa na mama mmoja aliyekuja na madumu ya mawese," akasema. "Mrefu. Alinibeba mgongoni kwenda shambani, na alikuwa na harufu ya mawese kwenye kitenge. Sisi tulimwita Mama Mawese. Mimi nilidhani ni mfanyabiashara. Nilidhani anapenda watoto tu."

"Ndiye," akasema bibi mdogo.

"Alikuwa shangazi yangu."

"Ndiye."

Tukakata simu, shangazi bado akitazama dirishani. Nilimletea chai, akaishika bila kuinywa. Baadaye akasema, si kwa huzuni sana, zaidi kama mtu anayehesabu upya, kwamba maisha yake yote ameitwa shangazi na watoto wa Brussels nzima, na hakuwahi kujiuliza kwa nini yeye mwenyewe hana wa kumwita hivyo. Halafu akanywa chai. Baba mdogo akakubali kukaa kiti cha karibu.

Wiki zilizobaki zilikwenda kwa kubishana, lakini sasa ubishi ulikuwa mwingine: nani atasimulia. Shangazi alitaka yeye, kwa kuwa ni mkubwa na alibebwa na mhusika. Baba mdogo alitaka yeye, kwa kuwa ni baba wa bwana harusi na amevumilia kunyang'anywa kiboko. Nikawapendekezea wasimulie wote wawili, nikajua palepale nimekosea, lakini walikuwa wameshakubali.

Harusi ilifanyika mchana, kwenye ukumbi uliojaa vitenge, watoto waliovaa viatu vya kubana, na wajomba waliokuwa wakiuliza chakula kitaletwa saa ngapi. Baba mdogo akasimama kwanza. Alisimulia habari ya cherehani na ya posa iliyokataliwa, na kwa kuwa ni msimulizi mzuri, watu walitulia. Alipofika kwa kiboko niliona shingo yake inanyooka. Nikamtazama shangazi, shangazi akamtazama yeye.

"Kiboko alikuwa mkubwa kuliko wote wa mto Rusizi," akasema baba mdogo, "na baba yetu akamwachia jaruba la chini." Akatengeneza kola yake. "Kwa heshima."

Ukumbi ukacheka, naye akacheka pia, na sidhani kama alijutia mkuki wake tena. Shangazi akachukua kipaza sauti akamaliza habari ya karani na talaka. Aliisimulia taratibu, na alipofika pale dada anaposema amesamehe lakini anaondoka, wanawake wa upande wa pili walipiga vigelegele kabla hajamaliza. Kisha akamtaja yule dada kwa jina lake kamili, jina lile lililopigwa mstari kwenye kadi, akamwomba shehe amwombee dua pamoja na kaka yake. Mikono yote ikainuka.

Baba wa msichana akaja mezani kwetu baadaye, miwani mkononi. "Nimeuliza swali hili kwa watu wengi," akamwambia shangazi. "Kila ninapouliza naletewa mfalme au shujaa wa vita. Hamjui mlivyonipumzisha." Wakakaa wawili hao wakila pilau na kuzungumza habari za mashamba ya wazee wao, Kiswahili cha Tabora upande huu, bon na donc upande ule, na sikuona aliyepata shida ya kuelewa.

Kadi ya shamba tumeitengenezea nakala tatu. Ya asili anayo shangazi, na sijathubutu kuidai. Mzee wangu wa Auderghem nilimwonyesha nakala. Aliisogeza karibu na jicho lake zima, akasoma majina yote mawili, na nilipomweleza akaniomba nimrudie ile sehemu ya watu wa magunia. "Hiyo ningeikumbuka," akasema kwa masikitiko. "Nilifika nikiwa nimechelewa."

Bibi mdogo naye hakuishia hapo. Alimtuma mjukuu wake kwa watu wa soko la samaki, nao wakatuma salamu Rumonge, na mwezi uliofuata nikapata ujumbe wenye namba ya simu na maneno mawili tu: *wapo hai*.

Tulipiga Jumamosi asubuhi kutoka kwa shangazi. Ikapokewa na mwanamke mwenye sauti nzito, akihema kama aliyeamshwa au anayepepeta kitu. Nyuma yake kuku walikuwa wakilia. Nikajitambulisha, nikaeleza, nikachanganya vizazi, nikaanza upya. Akanisikiliza bila kunikatiza.

"Ngoja," akasema. "Nyinyi ni watu wa yule fundi?"

"Ndiyo."

"Yule kaka yake nyanya? Wa glavu?"

Shangazi akaninyang'anya simu. "Mimi ni binti yake," akasema. "Binti wa yule fundi. Nyanya yako alinibeba mgongoni."

Nikadhani mtandao umekatika. Kisha yule mwanamke akaita kwa nguvu, si sisi, bali mtu wa upande wa pili wa uwanja. "Mama, acha hiyo nguo, njoo! Njoo ukae, ni watu wa mjomba wako yule fundi, na yupo wa kukuita shangazi."

Tukasikia kiti kinaburutwa.